Tosta ya Milango Miwili

Nianze na kosa lenyewe, maana nikianza na maelezo nitajitetea, na kujitetea nakuweza sana. Tosta ya mama yangu niliitoa mimi. Hakuna aliyenituma. Niliinyanyua kwa mikono yangu, nikaitia kwenye mkokoteni wa mnunuzi wa vyuma chakavu pale nyumbani Kirumba, nikajikung'uta vumbi na kurudi ndani nikiwa na furaha.

Nina duka la vyombo vya jikoni Buzuruga, karibu na stendi. Nauza majiko ya gesi, blenda, birika za umeme. Sasa fikiria mwenye duka kama hilo, halafu mama yake anapikia kwenye chumba cha nyuma chenye kuta nyeusi kwa masizi. Kabati lake lilikuwa la wavu, miguu yake minne imesimama kwenye makopo ya maji ili sisimizi wasipande. Upawa ulikuwa na msumari wake. Chumvi ilikaa kopo la kushoto, majani ya chai kopo la kulia. Na mezani, pembeni mwa jiko la mkaa, ilikaa tosta.

Baba yetu, mzee Odoyo, alikuwa mpishi melini. Walipobadilisha vyombo vya meli, wafanyakazi waligawiwa vya zamani, naye akapata tosta hii, akapanda nayo kilima ameiweka begani. Ilikuwa ya chuma kinachong'aa, nzito kama tofali, ina milango miwili ubavuni na waya uliovikwa kitambaa. Unafungua mlango, unaegemeza slesi, unafunga. Inachoma upande mmoja tu. Ukitaka wa pili, fungua ugeuze. Haijizimi. Ukisahau, utakula mkaa.

Mama hakusahau hata siku moja. Alikuwa anasimama pale ameinamisha kichwa kidogo, sisi watoto tumetulia na vikombe vyetu, mara anasema, "Sasa," anafungua. Mkate unatoka na rangi ya andazi, kingo zinalia mdomoni. Nimeuza tosta miaka kumi na minne na sijaona inayotoa mkate kama ule. Nilijua hilo hata siku nilipoitupa, na ndiyo maana sijisamehe.

Baba alipofariki, Mama alizidi ukali. Jikoni kwake hakutaka mtu aingie. Ukitumia upawa ukauweka mezani badala ya msumarini, utasikia habari yako. Mwaka juzi nilichanganya makopo ya chumvi na majani ya chai, akanisema mpaka machozi yakanitoka, mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu. Barazani napo hivyo hivyo. Akikaa kwenye kiti chake, upite bila kumwamkia, hakusemeshi. Ukisema tu "Shikamoo Mama," papo hapo anakutaja jina na kukuulizia watoto wako mmoja mmoja. Queen, jirani yetu, aliwahi kuniambia wanawe wanasema bibi anajidai. Nilicheka, nikamwambia anapenda heshima yake, ndivyo alivyo.

Mwezi wa sita alikwenda Shirati kwa dada yake, wiki tatu. Nikamwita mdogo wangu Jairo, ambaye ni fundi ujenzi, nikamwambia huu ndio wakati. Tulivunja ukuta mmoja, tukausogeza nje, chumba kikawa kikubwa. Tukaweka marumaru nyeupe, sinki, makabati ya ukutani, jiko la gesi, na kutoka dukani kwangu tosta mpya inayorusha mkate yenyewe.

Ile ya zamani Jairo aliishika kidogo. "Dada, hii si tungemsubiri mwenyewe?"

"Ukimsubiri Mama, hata ukimpa jiko la Ikulu atalikataa," nikamjibu. "Toa."

Hakutoa, ndipo nikaitoa mimi. Kabati la wavu akaomba akalalishie vifaranga, nikamwambia achukue.

Mama aliporudi nilikuwa nimealika majirani. Walipiga vigelegele. Akasimama mlangoni, akanyoosha mkono kulia, mahali lilipokuwa kabati, mkono ukapita patupu mpaka ukagusa marumaru. Akaupapasa ukuta ule taratibu. Nikadhani anashangaa jinsi ulivyo laini.

"Mmefanya kazi kubwa," alisema. "Asanteni."

Tosta hakuiulizia, na mimi sikuitaja.

Wiki haijaisha, Queen akanipigia simu. "Da' Awuor, usije ukaona namchoka, lakini mama yako siku ya nne anakunywa chai kwangu. Kwani gesi imeisha?"

Damu ilinichemka. Mtungi ule nilimjazia mwenyewe! Nikasema basi, amenuna, na ananiaibisha makusudi kwa ajili ya kipande cha chuma. Kesho yake asubuhi nikaenda Kirumba nimejiapiza kwamba simwamkii mpaka aniambie nimemkosea nini. Kwetu mtoto haingii kwa mama yake kimya. Mimi niliingia kimya.

Nilimkuta jikoni. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, hatua tatu kutoka alipo. Akageuka upande wangu. Macho yake yalinipita, yakaenda ukutani, yakarudi, yakanipita tena. Hakusema kitu. Nikaona kweli huyu leo amenidhamiria.

Kisha akaanza kupapasa. Alianzia kwenye sinki, vidole vikatembea juu ya kaunta, vikafungua droo, vikafunga, vikafungua nyingine. Alitafuta mkate uliokuwa mbele yake kabisa, mweupe juu ya marumaru nyeupe. Alipoupata akaichukua tosta mpya, akaipima matundu kwa vidole, akatia slesi mbili, akabonyeza. Akainamisha kichwa kama zamani, ananusa, anasikiliza. Tosta ikafyatuka ghafla, naye akaruka kwa hofu, mkono ukaisukuma, slesi moja ikaanguka karibu na kiatu changu. Mama yangu akapiga magoti, akawa anaitafuta sakafuni kwa viganja vyote viwili. Alikaribia kunigusa.

"Shikamoo Mama," nikasema.

Aliinuka haraka, akajipangusa gauni, uso ukageukia sauti na tabasamu likaja. "Marahaba, Awuor! Umefika saa hizi? Watoto hawajambo?"

Nililia pale pale. Nilishika sinki nililomwekea, nikalia.

"Tangu lini, Mama?"

"Tangu mwaka juzi. Mwanga nauona. Watu siwaoni."

"Kwa nini hukusema?"

"Nyathina," aliniita, mwanangu, kwa lugha ya kwetu, "ungenipeleka kwako unikalishe kwenye kochi. Nani angeniacha niwashe moto? Na humu nilikuwa naona. Upawa naujua, chumvi naijua, tosta ya baba yako ilikuwa inaniambia yenyewe mkate ukiiva. Inalia kidogo ikipata moto, tii, tii. Hii yenu imenyamaza tu, halafu inanirukia."

Hospitali walisema ni presha ya macho, na kilichokwisha kupotea hakirudi. Tosta niliitafuta. Mnunuzi alinielekeza yadi moja Kisesa, nikalifunga duka siku nzima, nikaenda. Nikaambiwa mzigo ule ulishaondoka kwenda kuyeyushwa. Kwa Jairo nilipokonya kabati la wavu likiwa na manyoya na kinyesi cha kuku, nikalisugua, nikalirudisha na makopo yake manne. Mama akanyoosha mkono kulia, akakosa. Ukuta tulikuwa tumeusogeza.

"Siyo pale," alisema kwa upole. Ungekuwa ukali wake wa zamani ningeshukuru.

Mwezi uliofuata moto wa gesi ulimuunguza mkono, nikamhamishia kwangu. Nilimkalisha kwenye kochi. Sikuwa na mahali pengine pa kumkalisha.

Siku hizi namwamkia nikiwa bado mbali, kabla sijafika mlangoni, na wanangu nimewafundisha hivyo. Asubuhi namchomea mkate kwa tosta ya dukani, napaka siagi, naleta kwenye sahani. Anaupokea kwa mikono miwili kama mgeni. Kabla ya kula anageuza uso upande wangu na kuniuliza, "Umeiva?"

Namjibu umeiva. Anashukuru, anakula.