Taa ya Serikali na Beseni la Ngoie

Saa kumi na mbili na nusu jioni Kisimba alimaliza bukari wake, ule ugali wa jioni, akaosha sahani, akaiacha sufuria kama ilivyo. Kisha akachukua beseni la marehemu mke wake, lile jeupe lenye mdomo wa buluu uliobanduka upande mmoja, akalisuuza mara mbili, akalijaza maji ya bomba. Akaliweka juu ya matofali matatu katikati ya jiko na choo, akakaa kwenye kiti cha chini kungoja maji yatulie.

Maji yalipotulia, nyota zilishuka. Walitangulia Mwinda, Mbwa na Nyama, wale watatu wanaofuatana mstari mmoja mbinguni. Mbwa alinywa kidogo. Nyuma yao akaja mkewe Ngoie na mtoto mgongoni, akaketi kwenye mdomo wa beseni, miguu majini.

“Baba Kyabu,” alisema, akimwita Kisimba kwa jina lake la nyumbani, “hii sufuria iko nyeusi hivi juu ya nini? Unapika makaa?”

“Minyi niko mwanaume peke yangu.”

“Hata mwanaume peke yake anajua muchanga. Chota, sugua.”

Kisimba akachota mchanga, akasugua.

Mambo yalikuwa hivyo tangu wiki ya tatu baada ya mazishi, mwaka wa hamsini na mbili. Site nzima ya Kamina, mtaa wa weusi, ilijua na hakuna aliyehangaika. Watu walikuwa na shida zao za kodi na vitambulisho. Jirani yake Tshilumba, Mkasai, karani wa ofisi ya serikali, alikuwa akija na darubini ya jicho moja. Mzungu mpima ardhi aliitupa jicho la pili lilipopasuka. Tshilumba alitazama juu, Kisimba alitazama chini, na wakabishana.

“Weye unainama kama mutu amepoteza sindano,” Tshilumba alikuwa akimwambia. “Nyota iko juu, ndugu yangu!”

“Yako njo iko juu. Yangu inakujaka ku nyumba.”

Na Ngoie alicheka, maji yakatikisika, na Mbwa akaruka kando asilowe.

Ngoie alifia matenite ya weusi, hospitali ya kuzalia, ile nyumba ndefu ya mabati kwenye barabara ya kituo cha reli. Padri alisema Mungu amemwita. Kisimba alijua kwamba Mungu hamwiti mtu kwa kumnyima mafuta ya taa. Ng'ambo ya barabara, kwa wazungu, umeme uliwaka mpaka kwenye banda la kuku. Matenite ilikuwa na taa moja ya mafuta, na mafuta yaliletwa Jumatatu. Ngoie alishikwa na uchungu Jumamosi, mafuta yamekwisha. Mama Phébé, mkunga, alifanya kazi kwa kupapasa, na damu haionekani gizani. Alipojua inatoka nyingi, ilikuwa imefika mlangoni. Mama na mtoto walikwenda pamoja.

Saa ile Kisimba alikuwa kazini kituoni. Kazi yake ilikuwa kusafisha, kujaza na kuwasha taa za ishara za treni. Taa nane zilisimama mbele yake, zimejaa mafuta mpaka juu. Alipoletewa habari kwamba Ngoie anazaa gizani, aliinua taa moja, akamwomba bwana wa kituo ruhusa ya kuichukua kwa saa moja tu. Bwana wa kituo alisema taa ya treni ni ya treni. Kisimba akasema ndiyo Bwana, akairudisha chini. Hilo la kuirudisha hakumsimulia mtu yeyote. Ngoie alilijua, na hakulitaja.

Mtoto alizikwa hana jina, lakini kwenye beseni alikuwa anakua. Alikuwa na meno manne, na tangu Pasaka alikuwa akisema “ta”. Ngoie alisema zimebaki wiki mbili tatu, atalimaliza neno, atasema “tata”, ndivyo Waluba wanavyomwita baba. Kisimba alilingoja neno hilo. Hakuwa na kitu kingine cha kungoja hapa duniani.

Mwezi wa sita wakaja watu na nguzo za umeme. Bwana Admini, mkubwa wa serikali pale Kamina, alisimama juu ya lori akasema serikali inawapa watu wake mwangaza. Watu walipiga makofi, maana polisi walikuwa wakiangalia nani hapigi. Tshilumba hakupiga kwa nguvu. Ndiye aliyekuwa amepiga chapa karatasi ya mpango wa nguzo, na karatasi haikusema habari ya kuwapa watu kitu. Ilisema taa kumi na mbili, zipangwe ili polisi aone nani anapita site baada ya saa tatu usiku. Nguzo ya kumi na moja ilichimbiwa nyuma ya jiko la Kisimba. Ya kumi na mbili, ya mwisho, ilisimama hatua arobaini kutoka matenite. Waya ukaishia hapo.

Jioni ya kwanza taa ilipowaka, maji ya beseni yaligeuka manjano kama mkojo wa mgonjwa. Nyama alikimbia. Mwinda alifika mdomoni, akakinga macho kwa kiganja, akarudi alikotoka. Mbwa alibweka kidogo, kisha akamfuata. Ngoie alichelewa kufika, akiwa amemfunika mtoto uso.

“Baba Kyabu, zima.”

“Haiko yangu.”

“Iko ya nani?”

“Ya serikali.”

“Ile siku minyi nilitafuta taa, serikali ilikuwa wapi?”

Jioni ya pili ilikuja sauti ya Ngoie tu, kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Jioni ya tatu yalikuwa maji matupu, na wadudu wa taa wakielea juu yake.

Asubuhi Kisimba alivaa shati lake la misa akaenda ofisini. Tshilumba alitafsiri. Bwana Admini alisikiliza mpaka mwisho, hakushangaa, akafungua kitabu. Aliuliza kama huyo mwanamke ana kibali cha kukaa site. Kisimba akasema amekufa. Bwana Admini akasema basi kibali chake kimekwisha, na asiye na kibali hawezi kuilalamikia taa. Kama ana malalamiko, aje mwenyewe, mchana, saa za kazi.

“Mwambie basi bahamishe ile taa,” Kisimba alimwambia Tshilumba. “Baipeleke matenite. Toka nguzo ya mwisho iko hatua makumi ine tu.”

Bwana Admini alicheka kwa upole. Alisema matenite haimo kwenye mpango. Mwanamke anayezaa hatembei baada ya saa tatu, kwa hiyo hakuna haja ya kumwona.

Tshilumba aliitafsiri sentensi hiyo polepole, neno kwa neno, akiitazama meza. Kisimba alimwomba airudie. Akairudia.

Jumamosi ile Kisimba alitoa sandukuni kikwembe cheusi cha Ngoie, kile alichokuwa akivaa msibani. Akaazima ngazi ya kituo. Kupanda ngazi kuelekea taa ilikuwa kazi yake, miaka kumi na sita alikuwa akiifanya, na alipanda bila haraka. Akaifunga taa ya serikali kwa mafundo mawili, akashuka, akajaza beseni. Giza likarudi uani kwake, lile la zamani, zuri. Ngoie alishuka kabla maji hayajatulia vizuri.

“Nilijua kile kikwembe kitasaidia siku moja,” alisema. Akamgeuza mtoto mbele. “Angalia huyu ni nani. Angalia. Sema!”

Mtoto alimtazama Kisimba. Akafungua mdomo. “Ta,” alisema, na polisi wawili wakamkamata Kisimba mabegani, na mmoja wao akalipiga beseni teke likapinduka.

Alipigwa fimbo nne na kufungwa siku saba. Kikwembe kiliandikwa kuwa mali ya serikali.

Alipotoka alimkuta Tshilumba amekaa kwenye kizingiti chake, darubini mapajani.

“Hakuna kitu, ndugu,” Tshilumba alisema. “Nimeangalia siku tano. Juu ya site nzima hakubaki hata moja. Zimehama kama bantu banakimbia kodi.”

Wakati huo huo Mama Phébé aliingia uani na aproni yake ya kazi. Hakukaa.

“Baba Kyabu, bibi yako iko kwangu.”

Nyota zilikuwa zimetafuta mahali pa giza, na Kamina ilikuwa imebakiwa na mahali pamoja tu. Zilikaa juu ya mabati ya matenite siku mbili, kisha zikaingia ndani kupitia matundu ya misumari. Mwinda alining'inia kwenye boriti juu ya kitanda cha kwanza. Nyama alisimama kwenye kabati la dawa. Mbwa alilala chini ya meza. Ngoie aliketi kwenye kichwa cha kitanda cha nne, kile alichofia, akamulika. Tangu alipofika, wanawake sita walikuwa wamezaa na Mama Phébé aliona kila tone.

“Miaka kumi na moja minyi naomba taa moja,” alisema Mama Phébé. “Moja! Sasa wafu njo wananiletea.”

“Na mutoto?” Kisimba aliuliza. “Anasema?”

Mama Phébé akalitazama beseni lililopinduka.

“Anasema. Anasema tata. Anamwita kila mwanaume anayepita ku dirisha. Jana alimwita polisi.”

Wanaume hawakuruhusiwa kuingia matenite, isipokuwa Jumapili saa tisa mchana, na saa tisa mchana hakuna nyota. Kisimba akawa anakwenda kila jioni kusimama nje ya ukuta. Aliona mwanga mweupe ukitoka matunduni. Mara moja alisikia sauti ndogo ikiita, lakini polisi alikuwa akipita wakati ule, na hakuweza kujua nani ameitwa.

Mama Phébé na Tshilumba waliandika barua kuomba waya uendelezwe zile hatua arobaini. Bwana Admini alikuja mwenyewe kukagua. Aliingia, akamtazama Mwinda, akaruka Mbwa asimkanyage, akasoma karatasi ya dawa kando ya kitanda cha nne kwa mwanga wa Ngoie bila miwani. Akaridhika. Jibu lilifika baada ya wiki na Tshilumba ndiye aliyelipiga chapa: matenite ya wenyeji ina mwangaza wa kutosha, usio na gharama, waya hauhitajiki, na kwa kuwa mwangaza upo, mafuta ya Jumatatu yamekatwa.

Mwezi wa kumi mvua zilianza. Siku ya mawingu nyota haziji, jambo hilo kila mkulima analijua, lakini halikuwa limeandikwa kwenye ile karatasi. Wiki ya kwanza ya mawingu alikufa mwanamke mmoja aliyetoka Kabongo, kitanda cha pili. Mama Phébé alipapasa.

Kesho yake jioni, mvua ikinyesha, Kisimba alijaza taa nane za kituo. Saba akazipanga mahali pake. Ya nane akaishika mkononi akapita mbele ya bwana wa kituo, na safari hii hakuomba. Alitembea nayo mpaka nyuma ya matenite, akapanda juu ya beseni la Ngoie alilokuwa amelileta na kulipindua chini ya dirisha, akainua taa mpaka usawa wa kioo. Ndani mwanamke alikuwa akisukuma.

“Baba Kyabu,” Mama Phébé aliita kutoka ndani, “kulia kidogo. Hapo. Usitikisike.”

Polisi alikuja na koti lake la mvua.

“Weye! Iko saa tatu imepita. Kuja huku chini ya taa, tukuone.”

“Ngoja,” alisema Kisimba. “Mukono ukishuka, Mama Phébé haone.”

Polisi akaiangalia nguzo ya kumi na mbili, ikiwaka peke yake juu ya barabara tupu. Akaliangalia dirisha. Kisha akatoa kitabu chake, akasogea karibu na Kisimba, na kwa mwanga wa ile taa ya reli akaandika jina lake na kosa lake, maana taa ya serikali haikufika pale.