Mtoto wa Chuma Analia Baridi

«Mama Kahongya, mutu mwenye alishalia kweli, banamufundisha kulia tena sababu ya nini?»

Nasiba, jirani yake muuza vitenge, alimuuliza vile siku moja huku akipima kitambaa kwa mkono, wala hakuinua macho. Kahongya alikuwa ameketi kwenye chumba cha nyuma cha duka la Nasiba, akishona. Alizungusha mkono wa mashini mara tatu, akakata uzi kwa meno, ndipo akasema:

«Apollinaire anasema nalia sawa mutu mwenye kusoma liste ya soko.»

Na kweli ndivyo Apollinaire alivyosema. Alikuwa kijana wa parokia yao aliyekwenda Kampala wiki tatu kwa mafunzo, akarudi Butembo na kofia ya majani na neno moja kubwa: comédie musicale. Akaikusanya korali, akaiambia kwamba siku za kuimba mkiwa mmesimama kama mikaratusi zimekwisha. Sasa hadithi itasemwa kwa mdomo, na pale maneno yatakaposhindwa kuibeba, wimbo utaipokea. Na wimbo ukichoka, miguu itaendelea. Akachora alama za chaki sakafuni, kila mtu na yake, akahesabu mpaka nane, akarudi kwa moja.

Kahongya alilipenda jambo lile kuliko alivyoonyesha. Alikuwa ameimba sauti ya pili tangu mwaka wa ndoa yake, na mara nyingi, Mungu amsamehe, alijiuliza kwa nini nyimbo zao hazifiki pahali: mnaanza mkiwa wakosefu, mnamaliza mkiwa wakosefu. Kumbe wimbo unaweza kutoka na jambo moja na kufika kwa lingine, kama kamyo ya mizigo inayojua njia.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: tajiri anakufa, ndugu zake wanakuja kwenye matanga kumnyang'anya mjane vitu, kuanzia vitanda. Kahongya, ambaye alikuwa amemzika mume wake miaka minne iliyopita, alifikiri mjane atakuwa yeye. Akapewa kushona nguo za wote. Mjane akapewa Sagesse, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye hajazika hata kuku. Si kwamba Kahongya hakujaribiwa. Alijaribiwa mara moja. Alikaa kwenye mkeka, mgongo wima, akaimba chini chini, macho mlangoni.

«Hapana vile, mama,» Apollinaire alimwambia. «Huzuni inapashwa kuonekana mpaka ku banc ya mwisho. Anguka. Tupa mikono. Mujane wa kweli hawezi kukaa vile.»

«Aksanti,» Kahongya alijibu, akaenda kumpima Sagesse kiuno.

Lakini siku ya matanga ya Sikuli, mume wake, hivyo ndivyo alivyokaa, na mlango alikuwa na sababu ya kuuangalia. Ananie, mdogo wa marehemu, alikuwa amefika kutoka Beni na kamyoneti na vijana wawili, na kabla chai haijamiminwa vitanda viwili vilikuwa vimekwisha kutoka. Katika ukoo wao, mjane akiwa kwenye mkeka hasimami, hatumi mtu, hajibishani na wakwe. Anachoruhusiwa ni kulia. Basi akalia, na ndani ya kilio akaweka mambo yake:

*Uwii, Sikuli, mtoto wetu wa chuma analia baridi,*
*mumufunike kitenge, mumubebe mugongoni,*
*mumufikishe kwa jirani, jua lisipinduke.*

Wazee walitikisa vichwa kwa uchungu. Ananie mwenyewe alijifuta jicho. Nasiba, aliyekuwa amesimama karibu na mlango, aliingia chumbani, akaifunga mashini ya kushona mgongoni kwa kitenge, akapita nayo mbele ya kamyoneti akiipigapiga taratibu. Kijana mmoja wa Ananie alimfungulia lango, akamwambia pole na mtoto.

Tangu siku ile, kila Noeli Ananie alituma mtu kuuliza mashini ya kaka yake ilikwenda wapi. Na kila Noeli Kahongya alijibu: «Haiko mu nyumba yangu.» Ilikuwa kweli tupu. Ili awe na hakika, alilipeleka jambo lile kwenye kitubio. Padri alimwomba arudie, kisha akakohoa muda mrefu.

Ubaya ni kwamba mchezo wa Apollinaire ulihitaji mashini. Katika sehemu ya pili ndugu wa marehemu anaingia, anaishika, anaiinua juu ili wote waione. Apollinaire hakutaka ya mbao. Kwa maonyesho ya Butembo Kahongya aliazimisha yake. Kwa yale ya Beni alikataa, tena mara mbili, kwa sababu Ananie anakaa Beni, na mashini ile haifichiki: mkono wake ulipovunjika, Sikuli, aliyekuwa dereva, aliuwekea kichwa cha levye ya vitesi, fimbo ya gia ya kamyo yake, cheusi, kimelika upande mmoja na kiganja chake. Ananie alikuwa amekaa pembeni ya levye ile miaka kumi kwenye barabara ya Kasindi. Angeitambua hata gizani.

Asubuhi ya safari Kahongya aliikuta juu ya gari, katikati ya ngoma na mapazia.

«Nilimwambia Mama Nasiba umenituma,» Apollinaire alisema. «Vitu vya teatri ni vya wote, mama.»

Kahongya alipanda, akakaa pembeni yake kama mtu anayesindikiza mgonjwa.

Kule Beni mchezo uliwekwa saa nane za mchana, ili watu wawahi kufika kwao kabla ya giza. Sale, ukumbi wa parokia, ilijaa. Na hapo mambo mawili yakatokea. La kwanza, Sagesse, ambaye alikuwa amelia kwa nguvu zote Jumapili mbili mfululizo hadi benchi ya mwisho, alifungua mdomo nyuma ya pazia apashe sauti, na hakikutoka kitu, ila upepo. La pili, Kahongya alichungulia kupitia pazia, akamwona Ananie kwenye kiti cha mbele kabisa, kiti cha heshima, maana siku hizi alikuwa mkubwa wa komite ya parokia yake.

«Mama, maneno ya mujane unayajua?» Apollinaire aliuliza, jasho likimtoka.

«Nayajua.»

«Na kuanguka?»

«Tutaona.»

Pazia likafunguliwa. Kahongya alikuwa kwenye mkeka, na mashini pembeni yake juu ya kibao. Alimwona Ananie akitazama mchezo, kisha akiacha kutazama mchezo. Macho yake yalikuwa kwenye levye. Akaegemea mbele, mikono juu ya magoti, kama mtu anayengoja misa iishe. Baada ya wimbo wa mjane, Delphin, aliyecheza ndugu wa marehemu, angeingia na kuiinua mashini juu. Na baada ya Delphin, Kahongya alijua, angekuja ndugu mwenyewe. Bila mashini ile angeshona na nini?

Kinanda kikapiga utangulizi. Kahongya hakuanza. Kikazunguka tena. Nyuma ya pazia Apollinaire alikuwa akionyesha kwa mikono: anguka, anguka. Kahongya alinyoosha mgongo, akatazama mlango wa sale, akaanza kuimba chini chini, si wimbo wa Apollinaire.

*Uwii, Sikuli, mtoto wetu wa chuma analia baridi…*

Beni haikosi wajane. Kwenye safu ya pili mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha Legio Maria kichwani, aliacha kusogeza rozari. Alisikiliza mpaka *mumubebe mugongoni*. Kisha akasimama, akafungua kitenge cha juu, akapanda jukwaani kwa ngazi ya pembeni bila haraka, akaifunga mashini mgongoni. Wengine wawili wakamfuata na kumsaidia kukaza fundo. Hakuna aliyecheka. Mpiga ngoma, ambaye Mungu alimpa akili, akawapigia mwendo wa kutembea, nao wakatoka kwa mlango wa pembeni wakiipigapiga.

Delphin akaingia kwa kishindo. «Mashini ya kaka yangu iko wapi?»

Alitazama kibao kitupu. Akamtazama Apollinaire. Akarudia, kwa maana hakuwa na maneno mengine.

«Haiko mu nyumba yangu,» Kahongya akaimba.

Kilikuwa kiitikio kidogo, rahisi kushika. Mara ya pili safu tatu za mama zilimwitikia. Mara ya tatu ilikuwa sale nzima, na makofi, na mtu fulani nyuma akamwambia Delphin arudi kwao, mchawi wa vitanda. Ananie, aliyekuwa amekwisha kunyanyuka nusu, alibaki hivyo kidogo. Nani angesimama mbele ya sale ile na kusema kwamba hata yeye anaitafuta? Akakaa.

Mchezo ulipokwisha alimkuta Kahongya nyuma ya jukwaa, juu ya benchi.

«Shemeji.»

«Shemeji Ananie. Karibu. Bibi hajambo?»

«Ile mashini.»

«Ya muchezo?»

«Ile ya levye.» Alimnyooshea kidole. «Miaka ine, shemeji. Miaka ine.»

«Si uliona weye mwenyewe? Bamama baliibeba. Mimi nilikuwa ku mukeka.»

Hapo Apollinaire akaingia. Robo saa nzima alikuwa akilalamika kwamba mchezo umeharibiwa. Kisha kire, paroko wa pale, akampongeza, na sasa alikuwa akieleza kwamba mambo yote yalikuwa yamepangwa hivyo. Alipomwona Ananie, taya zimekaza, kidole juu ya mjane, alisimama ghafla. Akarudi hatua mbili nyuma, akafunga jicho moja kama fundi anayepima ukuta.

«Baba, usisonge, kaa vilevile,» alisema kwa upole. «Njo hiyo. Njo yenyewe sura nilitafuta tangu Kwaresima. Delphin hajui kuwa shemeji, anajifunza tu, lakini weye inakutoka ndani. Mwezi ujao tuko Kasindi. Kazi ni kidogo: unaingia, unauliza mashini iko wapi, sale yote inakujibu.»

Ananie alimtazama. Akamtazama Kahongya, aliyekuwa ameketi mgongo wima, macho mlangoni. Nje, mbele ya dirisha, mama wa Legio alipita akitembea polepole, akipigapiga kile alichokuwa amebeba mgongoni.

Ananie akachukua kofia yake, akaivaa, akatoka kwa mlango wa upande wa pili.