Ndege wa Droo ya Kumi na Nne

Tangu niolewe, baba mkwe wangu hakuwahi kunipa kitu mkono kwa mkono. Chai yake niliiweka juu ya kigoda, nikarudi nyuma hatua mbili, ndipo naye akaichukua. Akimaliza, kikombe kilirudi kigodani. Jina lake, Methusela, naliandika hapa, lakini siku zile sikulitamka hata nikiwa peke yangu. Nikiwa na neno la kumwambia, nilimwambia mume wangu Zebedayo, yeye akalifikisha. Ndiyo heshima ya mkaza mwana kwa mkwewe kule Usambaa, na kwetu Ubondei si mbali na hivyo, kwa hiyo sikuona tabu. Mzee mwenyewe alikuwa mpole. Ila jambo moja lilijulikana: mkaza mwana hamsahihishi mkwewe. Mbele ya watu ndiyo kabisa, heri umeze ulimi.

Mwaka 1954 tulikaa kambini, kwenye shamba moja la mkonge nje ya Muheza. Zebedayo alifanya kazi korona, pale mashine inapochana mkonge. Chumba kilikuwa kimoja, cha mfanyakazi na mkewe. Mzee alikuwa amemaliza kazi yake ya milimani, mama mkwe ameshafariki, nyumba yake kule juu imeangushwa na mvua. Akaja kwetu, akawa analala kwenye kibanda cha jiko, miguu imeelekea mafiga. Miezi mitatu. Kisha mnyapara akaja akasema kambi si ya wazee, na mwisho wa Novemba atoke.

Aende wapi?

Aliyetuletea tumaini ni Laurenti, karani wa ustawi wa pale shambani, kijana wa suruali iliyonyooshwa pasi. Alikuwa amechoshwa na ugomvi wa pombe kila Jumamosi ya baada ya mshahara. Akapata wazo: watu wa kambi wapakiwe ndani ya basi na familia zao, wapelekwe Kigombe kutazama ndege na kupunga upepo wa bahari, warudi jioni. Na kiongozi wa ndege alishamwona. Baba mkwe alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili kwa wataalamu wa Kizungu waliokusanya ndege. Kazi yake ilikuwa kuwachuna ndege hao, kuwajaza pamba na kuwapanga kwenye droo za makabati.

"Mzee, tuongoze safari hii," Laurenti alisema mlangoni petu. "Ikipendeza, nitakuandika kiongozi, safari moja kila mwezi. Kiongozi ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi ana chumba."

"Na isipopendeza?" Zebedayo akauliza.

Laurenti alitazama viatu vyake. "Itapendeza tu."

Jioni ile, nikimwaga maji ya vyombo, nilitazama juu nikauona mwezi. Nikahesabu kwa vidole. Jumamosi ya safari ingekuwa siku ya kumi na moja tangu mwezi uandame. Nikahesabu tena, nikitumaini nimekosea.

Mimi nilizaliwa Kigombe. Baba yangu alifanya kazi kwenye majaruba ya chumvi, pale maji ya bahari yanapokaushwa, mpaka nilipotimiza miaka kumi na minne. Shule nilisoma hadi darasa la nne, lakini kabla ya kujua a-e-i-o-u nilishajua maji. Mwezi ukiandama, au ukiwa mpevu, bahari hutoka asubuhi, na ikifika saa tano ufukwe umekuwa uwanja, ndege wamejaa wanadonoa matopeni. Lakini siku ya kumi na moja mambo huwa kinyume. Saa tano maji yanapanda, saa sita yamejaa hadi kwenye mizizi ya mikoko. Ndege hana pa kukanyaga.

Nikamwambia Zebedayo.

"Yudith, basi limeshakodiwa," alisema. "Na baba nimwambieje? Kwamba mke wangu anajua ndege kuliko yeye?"

"Si ndege. Ni maji."

"Ni yale yale." Akachukua kofia yake, akaenda kazini.

Jumamosi tuliondoka saa mbili. Zebedayo alibaki korona, mimi nikapewa kapu la viazi vya kuchemsha na machungwa nilinde mpaka mchana. Baba mkwe alikaa mbele karibu na dereva Uweso, amevaa koti, darubini ya zamani shingoni. Darubini ile aliagwa nayo kazini. Mimi nilikaa nyuma kabisa, kama inavyopasa, pamoja na Mwamvua.

Mwamvua alikuwa Mzigua wa upande wa Mwera, mke wa mkata mkonge, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Na Mzigua na Msambaa ni watani. Basi hata hatujatoka kwenye mashamba alishaanza.

"Wewe Msambaa! Koti la nini na jua hili? Umeubeba ukungu wa kwenu?"

"Nimelibeba nikufunike wewe," baba mkwe akajibu bila kugeuka, "maana Mzigua akiona bahari huzirai, akidhani ni uji."

Basi zima likacheka. Nami nilicheka, nikiwa nimejifunika mdomo kwa kanga. Njiani mzee alikuwa kwenye ufalme wake. Alimsimamisha Uweso mara mbili penye miti, akainua kidole, akasema, "Sikilizeni, hondohondo, wawili, dume na jike," na kweli tukawaona wakiruka na midomo yao mikubwa. Laurenti akawa anaandika kwenye kijitabu na kutabasamu. Nikasema moyoni, Mungu, safari ingeishia hapa hapa.

Tulifika Kigombe saa tano kasoro. Bahari ilikuwa imekaribia kujaa, buluu tupu, imeshafunika matope yote. Hapakuwa na ndege. Si mmoja.

Baba mkwe alishuka, akasimama mchangani, akaiweka darubini machoni. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Watu wakajipanga nyuma yake, watoto mabegani, wakasubiri. Nusu saa ilipita hivyo. Kunguru alipita, watu wakamshangilia kwa dhihaka.

"Kwani ndege nao wamepokea mshahara jana," Uweso akasema, "wamelala na ulevi?"

Wakacheka, lakini kicheko hiki hakikuwa kile cha ndani ya basi. Laurenti alitazama saa yake, akafunga kijitabu.

Mimi sikumtazama mzee usoni, maana haifai. Nilitazama mikono yake. Ilikuwa imeielekeza darubini kwenye vilele vya minazi, kama mtu aliye msituni. Ndipo nikatambua jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwuliza: mtu yule hakuwahi kufika baharini. Alidhani bahari ni kama msitu, ukienda unaikuta. Angesimama pale mpaka basi liondoke, halafu angepanda na koti lake, na mwisho wa mwezi angetoka kwenye kibanda chetu cha jiko asijue aendako.

Nikamvuta Mwamvua pembeni.

"Ndege wapo," nikamwambia. "Maji yakijaa wanakimbilia majaruba ya chumvi, nyuma ya mikoko ile. Si mbali."

"Mwambie basi!"

"Mkwe wangu, yule. Mbele ya watu wote hawa?"

Mwamvua alinitazama, akamtazama mzee, akafunga kanga yake vizuri kiunoni. "Wewe huwezi kumwambia. Mimi siwezi kunyamaza. Ngoja."

Akaenda mpaka mbele yake.

"Wewe Msambaa mla ndizi! Bahari si mgomba, isimame mahali pamoja kukungojea! Imejaa, huoni? Wewe nyumba yako ikiingia maji utakaa ndani uchekwe?"

Watu hawakucheka. Mtani hanuniwi, lakini pale palikuwa na jambo zito kuliko utani, na kila mmoja alilijua.

Baba mkwe aliteremsha darubini. "Kumbe nimeshuka mlimani nije nifundishwe na wezi wa mahindi," alisema taratibu. "Haya, Mzigua. Nitakwenda wapi maji yakiingia?"

"Kwenye majaruba ya chumvi, nyuma ya mikoko."

"Na wewe wa Mwera majaruba ya Kigombe umeyajulia wapi?"

Mwamvua akageukia kanga yake, akaifunga upya. Mzee alitazama upande wetu. Hakunitazama mimi, alilitazama kapu nililolibeba, akalitazama kwa kitambo. Kisha akasema, "Twendeni."

Sasa tabu ikawa nyingine. Njia niliijua mimi peke yangu, na mimi siwezi kumtangulia mkwe. Mwamvua akaenda mbele kwa madaha kama mwenye mji, mzee akafuata, kisha Laurenti na watu, nami mwishoni na kapu langu. Penye njia panda ya kwanza Mwamvua akakata kushoto, kwenye matope. Nikakohoa. Akasita, akageukia kulia.

"Una kifua, dada?" mama mmoja akaniuliza.

"Vumbi," nikamjibu.

Njia panda ya pili Mwamvua alitaka kunyoosha. Baba mkwe akamwambia, "Simama." Yeye mwenyewe akasimama, wala hakugeuka nyuma. Akanyoosha fimbo yake mbele, akangoja. Kimya. Akaielekeza kushoto, akangoja.

Nikakohoa.

"Kushoto," akasema, akashika njia.

Mikoko ikaisha ghafla, majaruba yakawa mbele yetu, meupe, yamegawanywa kwa matuta ya udongo kama nilivyoyaacha utotoni. Na juu ya kila tuta walikuwa wao. Mamia kwa mamia, wameelekea upepo wote kwa pamoja, wamesimama kwa mguu mmoja. Wadogo kama ngumi walikuwa wakikimbia kwenye maji ya chumvi, miguu haionekani kwa kasi.

"Haya, mzee," Laurenti akanong'ona, kijitabu kimefunguka. "Tueleze."

Mzee aliipitisha darubini tuta hadi tuta mpaka nikaona Laurenti anahamisha mguu. Nikasema moyoni, imekwisha, hawajui hawa, hawa si wa msituni.

"Huyu," mwishowe akasema, "huyu mwenye mdomo uliopinda ni droo ya kumi na nne. Wale wadogo, droo ya kumi na tano, safu ya chini. Yule wa miguu ya kijani, kumi na sita. Nawajua wote. Waliletwa kutoka pwani ndani ya masanduku, wamepakwa chumvi, mimi nikawachuna. Huja kutoka nchi za barafu kila mwaka, ndivyo karatasi zao zilivyosema. Nilizifunga mguuni kwa uzi. Miaka ishirini na miwili." Akateremsha darubini. "Niliwalaza chali, miguu imefungwa pamoja. Sikujua kama husimama kwa mmoja. Wala hawa wadogo sikujua kama wana mbio."

Mwamvua, aliyekuwa na neno kwa kila kitu, alijifuta jicho kwa ncha ya kanga. Kisha, ili asionekane, akauliza, "Na mimi niko droo ya ngapi?"

"Wewe hukutosha ndani ya kabati," mzee akamjibu, na watu wakacheka kwa nguvu hata kundi zima likaruka, likazunguka juu yetu jeupe, likatua tena.

Maswali yakaanza. Wanakula nini? Wanalala saa ngapi? Alijibu yote, akionyesha kwa fimbo, koti amelivua. Hata Uweso aliuliza. Mpaka mtoto mmoja akasema, "Wale wadogo wanaitwaje?"

"Jina la vitabuni ninalo," mzee akasema. "La Kiswahili sijui."

"Kitwitwi," nikasema.

Lilinitoka tu. Watu wakageuka. Mwamvua akadakia, "Nimesema mimi!" lakini hakuna aliyemwamini.

Baba mkwe aliivua darubini shingoni. Akatafuta pa kuiweka, kama alivyozoea. Chini palikuwa na tope la chumvi, na kando maji.

"Hapa hakuna kigoda," alisema. Akaninyooshea. "Shika. Na yule wa mdomo uliopinda, Kigombe mnamwitaje?"

Nilipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na joto la kifua chake. "Sululu, baba," nikasema.

Tulirudi ufukweni tukala, watoto wakaoga mpaka vidole vikakunjamana. Saa tisa, tukipanda basi, maji yalikuwa yameanza kutoka, na makundi yakatupita juu ya vichwa yakienda matopeni. Laurenti alikaa karibu na mzee, uso unang'aa.

"Desemba tena, Jumamosi ya baada ya mshahara. Nakuandika, mzee."

Mimi nilikuwa nyuma, lakini nilisikia kila neno. Nilitamani baba mkwe aseme ndiyo, anyamaze.

"Tarehe usiandike," alisema. "Ukienda bila kuuliza huenda ukakuta maji tena. Leo nimeongozwa, karani, na wewe umeona. Mimi namjua ndege akiwa amekufa. Aliko akiwa hai anajua mkaza mwana wangu."

Kalamu ya Laurenti ikasimama.

"Sasa chumba nimwandikie nani?"

"Yeye ana chumba cha mumewe. Maneno ni yangu, maji ni yake. Ukituandika, tuandike wawili. Usipotuandika, nitarudi mlimani, lakini sitakudanganya."

Laurenti aligeuka, akanitazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Haya, dada. Ungechagua siku gani?"

Nikahesabu vidole, ingawa nilikwisha kuhesabu tangu Kigombe. "Jumamosi ya tatu kutoka leo. Mwezi utakuwa mchanga, siku ya pili hivi. Saa tano maji yatakuwa mbali."

"Kabla ya mshahara?"

"Ndege hawapokei mshahara," Uweso akasema kutoka kwenye usukani.

Laurenti akaandika. Aliandika kwa muda mrefu kidogo, nikaona mgongo wa mzee ukilegea ndani ya shati.

Chumba alichopewa kilikuwa cha mwisho kwenye mstari, karibu na kisima. Siku aliyohamia nilimpelekea chai asubuhi. Kigoda kilikuwa mlangoni, ila yeye alikuwa amekikalia, mkono ameunyoosha kupokea kikombe.