Viatu vya Nchi Isiyo na Kodi

Mwaka 1994 nilikataa kumnunulia binti yangu viatu kwa sababu ya kodi. Vilikuwa vyeupe, saizi yake kabisa, kwenye duka la pale kwetu Thorncliffe Park. Rafiki yangu Anastasia alinisihi nivichukue. Lakini Toronto bei iliyobandikwa ni ya kukutania tu. Ukifika kaunta, serikali nayo inataka chake. Nikavirudisha. Wiki ileile nilikuwa nasafiri kwenda Liechtenstein, nchi ambayo, kwa maelezo ya bosi wangu, kodi ni kama haipo.

"Komunyo yako ya kwanza utavaa viatu vya Ulaya," nikamwambia Genoveva. Alikuwa na miaka minane.

"Promise?" akauliza. Kiswahili alikisikia vizuri, ila alikuwa anajibu kwa Kiingereza.

Nikaapa, nikamwacha kwa Anastasia.

Bosi wangu alikuwa mzee wa miaka themanini na mbili. Kazi yangu kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa anakwenda kuzijulia hali pesa zake. Nchi yenyewe haina uwanja wa ndege. Tulishuka Uswisi, tukapanda treni, kisha basi: mimi, mzee, kiti na masanduku. Mpakani hapakuwa na hata askari wa kuniuliza naelekea wapi. Nilikuwa nimejiandaa kujibu.

Siku mbili mzee alikuwa benki anakunywa kahawa, mimi nje kwenye benchi. Kuna ngome mlimani. Ni nyumbani kwa mtawala, huingii. Kuna makumbusho ya stempu za barua. Siku ya tatu nikapewa saa moja, nikalikuta duka la viatu. Muuzaji alitaja bei, nikadhani ananipa namba ya simu. Kumbe kodi wamesamehewa wenye fedha, anayenunua kiatu anawalipia wote. Nilitoka bila kuaga, mimi niliyelelewa Bukoba.

Nilifika nyumbani Jumamosi jioni, maduka yamefungwa. Komunyo ni kesho yake asubuhi. Kwenye begi nilikuwa na slipa nyeupe za kitambaa, zile hoteli inazowapa wageni bure, jina la hoteli limetariziwa kwa uzi wa dhahabu.

"Chagua," nikamwambia Genoveva. "Hizi, au viatu vyako vyeusi vya shule."

Alizitazama sana. Akachagua slipa. Nikazijaza karatasi za chooni ili zisimtoke miguuni.

Kanisani alikwenda altareni akiziburuza, na kila benchi alilopita watu waliinamisha macho kumtazama miguu. Misa ilipokwisha, Anastasia akamwinamia mbele ya akina mama wote.

"Veva mwanangu, viatu gani hivi?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Genoveva akainua uso, akajibu kwa Kiswahili, polepole, kila mtu asikie:

"Ni vya Ulaya. Mama kaniletea."

Sikuwahi kumsikia akisema Kiswahili mbele za watu. Siku alipoanza, alikitumia kunisitiri. Nililia palepale mlangoni.