Taa za Kumlinda Simel

Aminieli alikuwa dereva wa Fuso la mzee Reginald, mwenye yadi ya mbao pale Lemara. Kazi yake ilikuwa kupanda Olmotonyi, kupakia magogo ya mipaina kwenye msitu wa kupandwa, na kuyashusha mjini. Utingo wake aliitwa Simel, Mwarusha wa huko huko Olmotonyi, mtu wa mabega mapana na kicheko cha kusikika ng'ambo ya korongo. Walikuwa wamezoeana kiasi kwamba mmoja akinyamaza, mwenzake alijua anawaza nini. Simel alipopata mtoto wa kiume, Lemayian, hakuhangaika kutafuta wa kumsimamia ubatizo. Aminieli ndiye aliyembeba mbele ya kanisa, na tangu hapo wake zao, Susana wa Aminieli na Naserian wa Simel, wakawa wanapelekeana ndizi na maziwa kama watu wa boma moja.

Gari lenyewe halikuwa baya, ila nyuma lilikuwa kipofu. Taa moja ya rivasi ilipasuliwa na gogo zamani, na iliyobaki ilitoa mwanga wa njano usiofika mbali. Jioni, ukungu wa Mlima Meru unaposhuka kwenye miti, ilikuwa kama hakuna taa kabisa. Kwa hiyo kila walipofika mahali pa kupakia, Simel alishuka, akasimama nyuma na tochi ya simu, akaita: "Njoo, njoo, njoo! Kata kulia! Njoo... hapo hapo!" Aminieli alizima redio, akashusha kioo na kurudi nyuma akifuata sauti hiyo.

Jioni moja ya mvua, sauti ilikatika. Aminieli alisikia "njoo," kisha kimya, kisha kofi zito kwenye bodi. Akakanyaga breki mpaka gari likazimika. Alipozunguka nyuma alimkuta Simel amelala chali kwenye tope, buti lake la mvua likiwa chini ya tairi. Tairi lilikuwa limekanyaga ncha ya buti tu. Simel akachomoa mguu, akabaki na soksi, akatazama vidole vyake vyote na kuanza kucheka.

Aminieli hakucheka. Alichuchumaa pale pale kwenye tope.

"Leo ningekuua."

"Si hukuniua, kaka? Inuka tupakie."

"Gari hili halirudi tena nyuma kwenye giza namna hii. Mimi siwezi."

Asubuhi yake, yadini, alimfuata Reginald. Simel alikuwa juu ya mzigo anafungua kamba, juu ya vichwa vyao kabisa.

"Bosi, naomba tufunge taa za ziada za rivasi. Jana nusura nimkanyage Simel."

Reginald alikuwa anaongea na simu. Akaifunika kwa kiganja. "Funga tu, Aminieli. Gari unalijua wewe. Ila usinilazie gari gereji."

"Asante, bosi!" Simel akapaza sauti kutoka juu. "Umeniokoa!"

Reginald akacheka, akarudi kwenye simu yake.

Aminieli hakutaka kusubiri bosi abadili mawazo. Alilipeleka gari kwa Oscar, fundi umeme wa magari, mtu wa maneno mengi na kazi safi, akamlipa kutoka mfukoni mwake. Oscar alifunga taa mbili za LED chini ya bodi, moja kila upande, zikiangalia chini kidogo.

"Siungi kwenye waya wa taa ya zamani," Oscar alieleza huku akivuta nyaya. "Waya ule mwembamba, utaungua. Wenyewe kazi yake ni kuiamsha rilei tu, kifaa cha kuwashia taa. Umeme wa taa unatoka kwenye betri, unapita kwenye fyuzi."

Kisha akaweka swichi kwenye dashibodi. Ikiwa katikati, taa zimezimwa. Ikishushwa, zinawaka pale tu gia ya rivasi inapoingia. Ikipandishwa, zinawaka muda wote, ili watu waone wakati wa kupakia gari likiwa limesimama.

"Hii ya juu muiogope," alisema Oscar. "Mkiondoka, ishusheni. Mkitembea barabarani nazo, anayewafuata nyuma haoni kitu. Mtamuua mtu."

Aminieli alimwita Simel, akamfanya ayarudie maneno hayo. Simel akayarudia, akaijaribu swichi mwenyewe, juu na chini, kama mtoto aliyepewa kitu kipya.

Jioni hiyo kule msituni Aminieli aliingiza gia ya rivasi, na nyuma ya gari pakawa peupe. Majani, matope, visiki, kila kitu kilionekana.

"Yero!" Simel akapiga kelele. "Kumbe hapa pana shimo! Siku zote nasimama pembeni ya shimo!"

Walicheka mpaka wapakiaji wakaja kuangalia kuna nini. Naserian alipopata habari alituma kibuyu cha maziwa ya mgando, na salamu kwamba sasa analala usingizi.

Miezi iliyofuata ilikuwa mizuri. Aminieli alianza kumfundisha Simel kuendesha, kwanza kwenye njia za msituni, baadaye barabarani. Simel akapata leseni. Aminieli mwenyewe ndiye aliyemshawishi Reginald amwachie gari siku ambazo yeye hayupo.

Ndipo mjomba wake Aminieli akafariki huko Kikwe. Alimkabidhi Simel funguo, akaenda msibani. Siku ya maziko alizima simu. Alipoiwasha, watu wakiwa wanatawanyika makaburini, ujumbe wa Reginald ulikuwa unamsubiri: aje kituo cha polisi, gari limeleta ajali.

Alikwenda na viatu vyenye udongo wa kaburi. Kituoni alimkuta askari wa usalama barabarani, Reginald, na Simel aliyekaa kwenye benchi akiangalia sakafu. Dereva wa bodaboda aitwaye Peter alikuwa ameanguka mtaroni jana yake jioni, akishuka kutoka Olmotonyi nyuma ya Fuso. Amevunjika mguu na mtulinga. Taa za nyuma za gari zilimpiga machoni, akakosa njia.

"Hizo taa nani alifunga?" aliuliza askari.

"Mimi," alijibu Aminieli. "Nilizifungisha kwa fundi."

"Na kwa nini zilikuwa zinawaka gari likienda mbele?"

Kabla hajajibu, Simel akasema bila kuinua kichwa, "Zinawaka zenyewe. Swichi iliharibika siku nyingi. Nilimwambia dereva, akasema atarekebisha."

Aminieli alimgeukia taratibu. Alidhani hakusikia vizuri. Swichi ile aliishika mwenyewe siku mbili kabla, na ilikuwa nzima.

"Gari lipo nje," alisema. "Twende tukaiangalie."

"Hakuna cha kuangalia," Reginald akadakia. "Nimeshang'oa takataka zote hizo. Mimi sikumruhusu mtu aguse umeme wa gari langu."

Askari alimkaripia kwa kugusa gari kabla ya ukaguzi, naye akaomba radhi, akasema alihofia lisije likaua mtu mwingine.

"Bosi," alisema Aminieli, "nilikuomba. Pale yadini. Ulikuwa unaongea na simu, ukaniambia funga tu. Simel alikuwa juu ya mzigo, akakushukuru."

Wote wakamtazama Simel. Aminieli naye akamtazama, na kwa muda mfupi moyo wake ukatulia kabisa, kwa sababu huyu alikuwa Simel, na lililotakiwa ni neno moja tu.

"Sema, Simel."

Simel alijikuna shingo. "Mimi sikusikia kitu."

Aminieli aliondoa macho kwake. Hakuhisi hasira hata kidogo. Alihisi aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyesema uongo mbele za watu. Alitoa leseni yake ilipotakiwa, akasikia Reginald anamwambia asikanyage tena yadini, akatoka nje bila kuaga.

Nyumbani hakugusa chakula. Susana alikaa naye jikoni, hajui aanzie wapi.

"Labda aliogopa, baba Elieshi."

"Amuogope nani? Mimi?"

"Amuogope bosi."

"Angenifuata nje, basi. Angeniambia pembeni, kaka, nimeogopa. Hakunifuata."

Kilichomnyima raha zaidi ni yule Peter. Zile taa alizileta yeye, na mtu asiyemjua amelala hospitali kwa sababu yake. Susana alimchemshia uji, akaujaza kwenye chupa ya chai, na Aminieli akaenda wodini wakati wa kuona wagonjwa.

"Mimi ndiye niliyefunga zile taa," alisema baada ya salamu. "Nimekuja kukupa pole."

Peter alimwangalia kwa chuki, mguu ukiwa kwenye plasta. "Na yule mwenzako amekutuma uniambie nini? Mbona yeye haji?"

"Hajanituma mtu. Yeye anasema taa zilikuwa mbovu, zinawaka zenyewe."

"Zenyewe?" Peter akajiinua kidogo, akaguna kwa maumivu. "Nilipiga honi kutoka kule juu. Hakusikia, au hakutaka. Nilipoanguka akasimama, akashuka, akanimulika na simu. Nikamwambia nisaidie. Akageuka, akarudi garini. Nikajua ananikimbia. Kumbe kafungua mlango, kanyoosha mkono ndani, taa zikazimika. Ndipo akaja kuniinua."

Aminieli alikuwa anamimina uji. Akakiweka kikombe chini.

"Ulimwona akizizima?"

"Kwa macho yangu. Nimelala mtaroni, nitaangalia nini kingine?"

Kwa hiyo Simel alijua. Haikuwa hofu ya ghafla kituoni mbele ya askari. Alijua kuanzia mtaroni, mtu akiwa anaugulia miguuni pake.

"Hayo utamwambia askari?"

"Hajaja mtu kuniuliza. Akija nitamwambia."

Kutoka hospitali Aminieli alipanda moja kwa moja Olmotonyi. Ilikuwa mchana wa jua kali. Naserian alimwona kutoka mbali, akaja kumpokea kwa furaha, akamuulizia msiba wa Kikwe, akakimbilia ndani kuleta kigoda. Aminieli akaelewa kwamba hajaambiwa kitu. Simel alikuwa nyuma ya nyumba anakata majani ya ng'ombe. Alipomwona akasimama na panga mkononi, kisha akaliweka chini.

"Peter alikuona ukizizima," alisema Aminieli.

Simel alijifuta jasho. "Nilisahau, kaka. Tulipakia, tukafunga kamba, nikaondoka swichi iko juu. Ni kusahau tu."

"Kusahau ningekusamehe palepale. Ningesimama na wewe mbele ya huyo askari."

"Bosi aliniita kabla hujafika. Akasema lazima mmoja wetu aubebe huu mzigo. Akasema nikinyamaza, gari ni langu."

"Ukakubali."

"Nimefunga kamba maisha yangu yote!" Sauti ya Simel ilipanda. "Wewe watu wanakujua. Wewe ungepata gari lingine. Mimi nani atanipa?"

"Leseni yako nani alikufundishia?"

Simel alianza kurundika majani aliyokwisha kukata.

"Na zile taa, Simel. Nilizifunga kwa ajili ya nani?"

Simel aliangalia miguu yake, ile ile iliyonusurika.

"Nimerudi nyuma kwa sauti yako siku zote hizi," alisema Aminieli. "Ukisema njoo, naja. Sikuwahi kujiuliza."

Walipogeuka, Naserian alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, kigoda mkononi. "Baba Lemayian," alimuuliza mumewe, "haya ni kweli?" Simel aliokota panga na kuanza tena kukata majani. Aminieli aliondoka bila kukaa.

Peter alitoa maelezo yake. Oscar naye aliitwa, akaeleza swichi ilivyofanya kazi na onyo alilowapa. Simel alipohojiwa tena hakuweza kushikilia uongo wake, akakiri kila kitu, pamoja na maneno ya Reginald. Akafunguliwa kesi ya uzembe barabarani. Aminieli akarudishiwa leseni yake.

Reginald alipiga simu siku hiyo hiyo. "Aminieli, rudi kazini. Tulichanganyikiwa tu."

"Uliniruhusu kufunga taa, hukuniruhusu?"

"Mambo yaliyopita tuyaache."

"Basi bosi, siji."

Alipata kazi Kikwe, ya kubeba mahindi na maharage ya wakulima kupeleka sokoni. Gari lilikuwa dogo na kuukuu. Watu walimpongeza kwa kusafishwa jina, naye aliwashukuru, lakini Susana aliona kwamba mumewe hasimulii tena habari za kazini anapokula.

Jumamosi moja Simel alifika nyumbani kwao. Alikuja na Naserian na baba yake mkubwa, na nyuma yao akivutwa kwa kamba kondoo dume mnene, kama inavyofanywa kwao mtu anapokwenda kuomba asamehewe. Aminieli alimwamkia mzee shikamoo, akawakaribisha wote ndani. Susana akamimina chai. Mzee alizungumza kwa upole na kwa urefu. Kisha Simel akazungumza, akaeleza alichofanya bila kujitetea, na katikati akalia. Naserian alitazama pembeni.

Aminieli alisikiliza mpaka mwisho.

"Nimesikia," alisema. "Mzee, nakushukuru kwa kuja. Chai kunyweni, hapa ni kwenu. Ila kondoo mrudi naye."

"Mwanangu," mzee akaanza.

"Simkatai milele, baba. Nikimpokea leo nitakuwa nadanganya, na uongo umetosha. Siku nikiwa tayari nitakuja mwenyewe Olmotonyi."

Mzee alitikisa kichwa taratibu, hakubishana. Walimaliza chai. Walipotoka, kondoo alikuwa ameshajilaza kwenye kivuli cha migomba na hakutaka kuondoka. Simel alivuta kamba, akavuta tena, mwishowe akainama, akambeba mabegani, akatoka naye getini bila kugeuka nyuma. Susana alisimama mlangoni akiwatazama mpaka walipopotea kwenye njia. Alipoingia ndani alimkuta mumewe ameshakusanya vikombe vyote, anaviosha kimoja kimoja.