Tumbo la Muuza Nyama

Kwa miaka thelathini muuza nyama alikuwa ameosha matumbo ya ng'ombe huku akipiga mluzi, na mteja aliyeziba pua alichekwa hadharani. Sasa dume hilo lilikuwa linatapika kwa kuliona tu geti la hospitali.

Mara ya kwanza alitapika baada ya dripu ya dawa ya saratani, kama binadamu wengine. Ya pili, alipoiona sindano. Ya tatu, alipokalia kiti cha plastiki cha kusubiria. Ya nne, alipoliona geti. Leo, siku ya dripu ya tano kati ya sita, alianzia nyumbani, akifunga kamba za viatu.

"Ni lile yai," alimwambia mkewe.

Yai lenyewe lilikuwa bado mezani, halijamenywa.

Muuguzi alishamweleza: mwili ukishazoea kuumizwa, huanza kulia kabla ya fimbo. Kuna kidonge cha kumeza mapema, kinatuliza hofu. Bwana mkubwa alivimba. Hofu? Yeye? Wapewe waoga! Basi akaendelea kutapika kishujaa.

Getini aligoma.

"Nne zinatosha. Daktari mwenyewe kasema uvimbe umesinyaa. Turudi."

Daktari alisema pia kwamba akikatiza njiani uvimbe utarudi na kumuua. Hilo liliingia sikio hili likatokea lile.

Mkewe hakubishana. Alimwomba amsubiri kidogo, akazunguka nyuma ya kibanda cha mlinzi. Alipokawia, muuza nyama alimfuata akinung'unika, akamkuta ameinama juu ya mtaro, mkono mmoja ukutani, akitapika mpaka machozi yanamtoka.

"Umekula nini?"

"Sijala kitu."

"Imeanza lini hii?"

"Safari ya pili. Nikiliona geti tu." Alijifuta mdomo kwa ncha ya mtandio. "Twende baba, wataruka namba yako."

Muuza nyama alizihesabu safari zile kichwani. Mwanamke huyu alikuwa akimfuta yeye matapishi, kisha anakwenda kutapika peke yake huku nyuma na kurudi na tabasamu. Aibu ilimshika, aibu ya kweli.

Ndani, foleni ilikuwa ndefu. Aliipita yote, akasimama mbele ya muuguzi, na kwa sauti ileile ya kuitia wateja akasema:

"Dada, naogopa. Naogopa sana. Na mke wangu naye anaogopa."