Sauti ya Kujitolea

Mume wa fundi cherehani aliitwa Baragumu, na jina hilo hakupewa kwa mzaha. Alikuwa akinadi mitumba sokoni. Akishapanda juu ya meza na kuinua shati, "Jamani, hili lilikuwa la meneja, leo ni lako!", wanawake waliopanga foleni kwenye mashine ya kusaga ng'ambo ya barabara waligeuza shingo. Mkewe alikaa nyuma ya meza hiyo hiyo na cherehani yake, akipunguza suruali na kurudishia vifungo vilivyong'oka. Mume anauza, mke anarekebisha, nyumba inakwenda. Nguo kila mtu sokoni alikuwa nazo. Mtaji wao ulikuwa koo la Baragumu.

Ndipo akaja yule Mshauri, amevaa kizibao na viatu vilivyochongoka. Alinunua mashati matatu bila kuomba apunguziwe hata kidogo. Fundi alimtazama mara mbili, maana mtu asiyeomba kupunguziwa mitumbani ama ni mgeni ama ana lake.

"Mzee, sauti kama hii unaiacha kwenye mashati?"

"Ningeipeleka wapi, bosi?"

"Kwenye siasa! Uchaguzi huo unakuja. Kampuni yetu inafundisha wahamasishaji. Ukimaliza semina wewe si mnadi tena. Wewe ni mtaalamu wa mawasiliano ya umma."

Baragumu alirudi nyumbani akilitafuna jina hilo kama muwa. Aliliambia geti, akaliambia sufuria, akamwambia na dada yake aliyekuwa akiuza chai jirani na meza yao.

"Kaka," dada mtu akasema, "umepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, na kweli umeng'aa."

Semina ilikuwa na ada, na ada ilimeza akiba ya kununulia robota jipya la nguo. Fundi aliitoa kwa mkono wake mwenyewe. Wifi yake alimshangaa. Lakini wifi hakuwepo jioni ile Baragumu alipochagua shati moja kati ya yale ya kuuza, akalishika kifuani, akauliza kwa haya kama bwana harusi: "Hili litanikaa?" Miaka yote hiyo hakuwahi kujichagulia nguo. Fundi alilipunguza mabegani, akalipiga pasi, akamfunga vifungo. Angemnyimaje?

Semina ilifanyika katika ukumbi ulio juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walifundishwa jinsi ya kubisha hodi.

"Hodi?" wifi alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mmelipa kufundishwa hodi? Ningewafundisha mimi kwa bei ya andazi!"

"Hodi ya kitaalamu, dada. Unabisha, unarudi nyuma hatua moja, unatabasamu."

"Na wakikufungulia mbwa, unatabasamu pia?"

Lakini somo kubwa lilikuwa mwito. Mmoja anaita, umati unaitikia neno lile lile, bila kuongeza wala kupunguza. "Msifikiri," Mshauri aliwaambia. "Mkianza kufikiri mnachelewa. Neno likitoka, lirudisheni kama lilivyo." Na mwita wao, bila ubishi, akawa Baragumu.

Baada ya semina yakaja mafunzo kwa vitendo. Hapo ndipo kazi ilipoanza. Asubuhi kweupe Baragumu yuko nyuma ya pikapu, anaita jina la mgombea mtaa kwa mtaa, na wenzake wanaitikia huku wakigawa vipeperushi juani. Kipaza sauti cha kampuni kiliishiwa betri kila kukicha, basi akatumia kifua chake. Mtu akiuliza posho, Mshauri alimwekea mkono begani kwa upole.

"Ndugu yangu, hapa tunajitolea. Uzoefu ndio malipo kwa sasa. Siku ya kufunga mtakula kiapo, mtapewa vyeti, na waliofanya vizuri tutawaajiri."

"Uzoefu unaiva kwa moto gani?" wifi aliuliza aliposimuliwa hayo. "Uniambie nitenge maji."

Siku hizo Baragumu alikuwa akibana sauti akifika nyumbani. Mwanzo ilikuwa mikwaruzo ya asubuhi tu, ikipata tangawizi inalainika. Kisha jioni moja, wakiwa mezani, alimshukuru Mungu kwa chakula, na neno "amina" likamtoka vipande viwili. Fundi akaweka kijiko chini. Mshonaji husikia sindano inayotaka kukatika kabla haijakatika.

Alimpeleka zahanati. Daktari alimulika kooni, akaguna, akazima tochi.

"Mzee, nyamaza. Kabisa. Hata kunong'ona usinong'one. Ukiendelea hivi itaondoka, na ikiondoka haitarudi."

Walifika kwenye kona ya kinyozi.

"Umemsikia," fundi alisema.

"Nimemsikia. Kufunga ni keshokutwa, mama watoto. Kiapo tu. Mistari michache, basi, nanyamaza mpaka unichoke."

"Na kama mistari hiyo ndiyo ya mwisho?"

"Wataajiri, mke wangu. Nimebeba mzigo mpaka mlangoni, unataka niutue nje?"

Fundi hakubishana. Alipopiga magoti hakumwomba Mungu amzuie mumewe, maana alimjua mumewe. Aliomba koo lilindwe, na yeye mwenyewe apewe la kusema wakati wake.

Siku ya kufunga alifuatana naye, amebeba chupa ya maji ya uvuguvugu. Alikaa nyuma kabisa ya ukumbi, karibu na mlango, kati ya viti vya plastiki vilivyopandana. Mgombea akaja, mtu mfupi mchangamfu, kola imelowa jasho. Alikuwa akisalimia kila mtu, na alipofika mlangoni akainama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mheshimiwa."

"Wananiambia wewe ndiye mke wa yule mwenye sauti."

"Ndiye mimi."

"Basi mumeo ni ghali, mama!" Alicheka kwa moyo mweupe. "Kampuni ikiniletea ankara, huwa natafuta mahali pa kushika. Lakini ni halali yake. Hata watoto wa chekechea sasa wananiita kwa sauti yake."

Fundi aliishika chupa kwa mikono miwili.

"Ghali kiasi gani, mheshimiwa?"

Mgombea akamnong'oneza. Ilikuwa fedha ya siku moja, na mezani kwao sokoni wasingeiona hata kwa mwezi.

"Nashukuru kuniambia," fundi alisema polepole. "Nilikuwa sijui."

"Ah! Kumbe nimemchongea! Sisi wanaume bwana, tunaficha!" Akampigapiga mkono, akaenda zake mbele, bado anacheka.

Fundi alimfuata Baragumu kwenye ngazi ya jukwaa. Akammiminia maji.

"Kunywa kwanza."

Akanywa.

"Mheshimiwa analipa. Kila siku uliyopanda lile gari, amekulipia. Kampuni imepokea."

Baragumu alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Nani kakwambia?" Sauti ilikuwa upepo mtupu.

"Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake. Anadhani wewe ndiye unayenificha."

Baragumu akageuza macho kwa Mshauri, aliyekuwa akinyoosha kizibao chake mbele ya wapiga picha. Fundi aliiona taya ya mumewe ikilegea, akaona na shati alilompunguzia, na moyo ukamuuma kuliko kama angetukanwa yeye. Alitaka kumshika mkono watoke. Lakini watu walikwishasimama, na Mshauri anaita: "Mwita wetu! Tumpigie makofi!"

Baragumu akapanda.

"Sisi wahamasishaji!" aliita, na sauti ikakwaruza ukumbi mzima.

"Sisi wahamasishaji!"

"Kwa hiari yetu!"

"Kwa hiari yetu!"

"Tangu leo!"

"Tangu leo!"

"Tunajito..." Hapo koo likakatika. Ule mdomo ulifunguka, "le" haikutoka, ikatoka hewa, kisha mkia wa neno ukadondoka peke yake: "...a!"

Na ukumbi, kama ulivyofundishwa, ukalirudisha neno kama lilivyo:

"Tunajitoa!"

Mtu mmoja akacheka puani. Mshauri akaruka jukwaani, mikono hewani.

"Le! Le! Tunajito-le-a! Rudia, mzee, rudia!"

Ile "tunajitoa" ya kwanza ilikuwa ugonjwa, hilo fundi alilijua bila kuambiwa. Alimwona mumewe akivuta pumzi, akimtazama yeye, kisha akiwatazama wale wenzake waliosimama na soli zilizolika. Akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti, ambacho siku hiyo kilikuwa na betri. Hakupiga kelele. Alilitamka polepole, kila kipande mahali pake.

"Tu-na-ji-toa."

"TUNAJITOA!"

Vioo vya madirisha vilitikisika. Mgombea alisimama, tabasamu limemkauka.

"Mbona mnajitoa jamani? Si kila siku nawalipa?"

Binti mmoja wa mstari wa mbele, aliyefunga kiatu chake kwa kamba ya gunia, akamuuliza kwa adabu zote: "Unamlipa nani, mheshimiwa?"

Macho yote yakahamia kwenye kizibao.

"Hilo tutalijadili ofisini," Mshauri alisema.

"Tulijadili hapa hapa," mgombea akasema, akavuta kiti.

Fundi hakungoja. Baadaye wifi ndiye aliyemletea habari, kwamba waliokaza uzi wamepata kidogo, waliobaki wanaambiwa njoo kesho, na kampuni imeng'oa kibao chake mlangoni. Yeye siku ile alikuwa na shughuli moja tu. Alimshika mumewe mkono, wakashuka ngazi. Katikati Baragumu akafungua mdomo, naye akamziba kwa kiganja.

"Basi. Ulichosema kinatosha."

Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kilimtesa. Fundi alijikuta akiwasha redio bila kuisikiliza. Aliomba toba kwa kila siku aliyowahi kusema "hebu nyamaza, baba watoto." Mume aliomba chumvi kwa kugonga sahani, akakataa jambo kwa nyusi, na siku moja alimaliza ugomvi mzima kwa kugeuza kiti.

Sokoni alipanda mezani mke. Sauti yake ilikuwa ndogo, na wifi hakumwonea huruma.

"Wifi, unanadi au unaomba dua?"

"Yote mawili."

"Basi omba kwa nguvu, wateja wako mbali!"

Hakujua kupamba. Aliinua nguo, akasema kilichopo: "Hili limetoboka kwapani. Ukingoja hapa nitalishona." Watu walisimama wacheke, wakaishia kununua. Baragumu alikaa chini yake akimpasia nguo, na kila mkewe alipokosea namna ya kuita, alijishika kichwa.

Siku ya kurudi zahanati, daktari alimulika tena.

"Haya mzee. Neno moja. Taratibu."

Fundi akaanza kusali kimoyomoyo. Baragumu akasema:

"Njaa."

Ilikuwa sauti nzito, ya chini, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Lakini ilikuwa sauti. Fundi alicheka na machozi yakamtoka pamoja.

"Ya kuzungumza ipo," daktari alisema. "Ya kunadi, hapana. Ukiitafuta ile, na hii utaipoteza."

Walipotoka nje, Baragumu aliegemea ukuta wa zahanati, mikono mifukoni, anatazama vidole vya miguu yake.

"Sasa nitakuwa nani pale mezani?"

"Mume wangu," fundi alimjibu. "Hiyo kazi haina mtu mwingine. Na kesho kuna makoti mazito, nitahitaji mtu wa kushika meza isiyumbe."

"Na wewe uache kuita kwa shingo. Unaita kama mtu aliyemeza sindano."

"Niite kwa kitu gani, basi?"

Hapo hapo barabarani, watu wanapita, Baragumu akaweka kiganja juu ya tumbo la mkewe, chini kidogo ya mbavu. Fundi, mwanamke wa haya zake, aliangaza huku na huku. Hakuuondoa ule mkono.

"Anzia hapa," mumewe alisema kwa ile sauti ya chini. "Vuta. Sasa ita."